Analipia Nguvu, Anapewa Mngurumo

Kipimo chenyewe hakina maringo. Pikipiki ya magurudumu manne, yaani kwadi, inasimamishwa mahali pa wazi, gia inatolewa, na injini inazungushwa hadi nusu ya mizunguko ambayo kiwanda kinasema ndiyo inayotoa nguvu ya juu kabisa. Kifaa cha kupimia sauti kinashikwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45. Sekunde chache zinatosha. Katika jimbo la California, chombo cha namna hii kilichoundwa tangu mwaka 1986 kikivuka desibeli 96, hakina ruhusa ya kukanyaga ardhi ya umma, hata kama mwenyewe amekikokota kwenye trela usiku kucha, na hata kama ekzosi inayopiga kelele hiyo ni ya titani na inang'aa kama kanzu ya sikukuu.

Ni vizuri kuanzia kwenye namba, kwa sababu mazungumzo ya wapenzi wa kwadi huanzia kwingine kabisa. Huanzia kwenye mngurumo. Mtu amenunua Yamaha Raptor 700 au YFZ450R, au amempata jamaa anayeuza Honda TRX450R iliyotumika, na kabla hajabadilisha hata tairi anataka kujua ekzosi gani "inapiga vizuri". Akisema kupiga, ana maana ya sauti. Akishaifunga na kuisikia, anaapa kwamba mashine imepata nguvu mpya. Sikio limetoa ushahidi, na mkono wa saa haukuulizwa.

Kwadi zinazozungumziwa hapa si zile pana za kukodi ambazo watalii huzipanda kwenye vijiji vya Unguja. Hizi ni za michezo: kiti kimoja, tumbo jembamba, springi ndefu, na mafuta yanavutwa kwa kubonyeza kidole gumba badala ya kusokota mkono. Kwao ni Marekani, kuanzia matuta ya mchanga ya Glamis kusini mwa California hadi njia za misituni huko Michigan. Wasomaji wetu walio Maskati wanazijua pia, kwani mchanga wa Sharqiya hauko mbali nao na Raptor ni jina la kawaida Ghuba nzima.

Hoja ya makala haya inaweza kumuudhi shabiki: wengi wanaobadilisha ekzosi hawapati nguvu waliyoilipia, na kelele wanayoipata inawafungia njia wenyewe.

Haina maana kwamba bomba la moshi ni pambo tu. Historia ya pikipiki inashuhudia kinyume chake, na sehemu tamu zaidi ya historia hiyo ina harufu ya ujasusi. Mhandisi Walter Kaaden alifanya kazi katika kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950, akiwa na bajeti ndogo na injini za mipigo miwili. Injini ya aina hiyo haina vali ya kufunga mlango wa moshi kwa wakati wake. Pistoni ndiyo mlango. Mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unapoingia kuufukuza moshi, sehemu yake hutoroka nao nje. Kaaden, akiendeleza mawazo ya Erich Wolf wa DKW, alilifanya bomba liwe vali. Alilitanua katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, kisha akalibana mwishoni. Wimbi la shinikizo linapofika penye kutanuka, linarudisha mvuto unaonyonya moshi kutoka kwenye silinda. Linapofika penye kubana, linarudi kama mwangwi wa pangoni na kuirudisha ndani petroli iliyokuwa imekwisha kutoroka, sekunde isiyohesabika kabla pistoni haijafunga mlango.

Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita moja, bila kusaidiwa na tabo. Septemba mwaka huohuo, kwenye mashindano ya Uswidi mjini Kristianstad, dereva wake Ernst Degner alikuwa akiongoza msimamo wa dunia. Injini ikamfia mbioni. Mwenyewe hakurudi nyumbani. Mkewe na watoto walivushwa kwa siri kwenda Ujerumani Magharibi, naye akaibukia Suzuki na kila alichokijua kuhusu kazi ya Kaaden. Mwaka 1962 Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50, wa kwanza katika historia yake, Degner akiwa kitini. Kiwanda hichohicho kiliuza pikipiki ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1985 kikatoa LT250R, kwadi ya mbio yenye injini ya mipigo miwili na bomba lenye tumbo. Nasaba ya ekzosi hizi inapita Zschopau.

Mmiliki wa Yamaha Banshee, kwa hiyo, ana haki ya kubishana kuhusu mabomba hadi usiku wa manane. Banshee iliuzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 2006: silinda mbili, cc 347, mipigo miwili, na kila silinda na bomba lake. Hapo umbo la tumbo hubadilisha tabia nzima ya mashine. Mabomba ya FMF aina ya Fatty yanajulikana kwa kuvuta kuanzia chini, yanafaa njia zenye kona. Toomey T5 huamsha nguvu juu zaidi, mahali ambapo mpanda mgeni hushtuka. Na wale wa mbio za kupanda vilima vya mchanga kwa mstari mnyoofu huagiza mabomba ya Shearer, ambayo chini hayana lolote na juu yana kila kitu. Anayechukua hayo ya mwisho kwa ajili ya njia ya msituni amejinunulia mateso, maana injini italala kwenye kila kona na kuamka penye mti.

Kanuni za uchafuzi wa hewa za serikali ya Marekani, zilizoanza kuzigusa kwadi mpya kwa modeli za 2006, zilikuja wakati mipigo miwili ikiaga dukani. Zilizobaki ni za mipigo minne. Hapa ndipo imani za zamani zinapomponza mnunuzi, kwa kuwa anachukua hadithi za Banshee na kuziweka kwenye Raptor.

Raptor 700 iliyotoka mwaka 2006 ina silinda moja ya cc 686, vali zake na sindano ya mafuta ya kielektroniki. Vali ya moshi inafungwa kwa wakati uliopangwa, kwa hiyo bomba halina petroli ya kuirudisha ndani. Kazi iliyobaki ni ndogo lakini ya kweli: kuna muda mfupi ambapo vali ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi kwa pamoja, na wimbi la mvuto likifika hapo kwa wakati, linasaidia kuvuta hewa mpya. Kinachoamua wakati huo ni urefu na unene wa shingo, yaani kipande cha bomba kinachoanzia kwenye kichwa cha silinda. Shingo ndefu na nyembamba hupendelea mizunguko ya chini. Fupi na pana hupendelea ya juu.

Sasa tazama kinachouzwa zaidi. Ni sailensa ya nyuma pekee, inayofungwa kwa boliti chache kwenye shingo ileile ya kiwandani. Shingo haijaguswa, wimbi halijaguswa. Kilichopungua ni msongamano kidogo mwishoni, na kilichoongezeka ni sauti. Kwenye mashine ya kupimia nguvu, ile mafundi wanayoiita daino, zawadi yake kwa kawaida ni farasi mmoja au wawili, na mara nyingi wako kule juu ambako mpanda wa wikendi hafiki.

Kuna neno moja ambalo kila kijiwe cha mafundi kinalo, kwamba injini "inahitaji kusukumwa nyuma" na moshi ili ivute chini. Si kweli. Hakuna injini inayofurahia kuzibwa pumzi. Anayetoboa sailensa au kufunga bomba pana kupita kiasi akapoteza mvuto wa chini hakupoteza msongamano; amepoteza kasi ya moshi ndani ya bomba na kuvuruga saa ya wimbi. Vijana wa bodaboda wanaotoboa sailensa zao kutoka Mombasa hadi Mbeya wanaijua hali hii kwa magoti, ijapokuwa hawaipi jina: pikipiki inasikika nje ya mtaa, lakini mlima ni uleule na abiria ni yuleyule.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ekzosi ni kifaa kinachojitegemea. Injini ni pampu ya hewa. Ukifungua njia ya kutokea bila kuangalia njia ya kuingilia, umefungua mlango wa nyuma wa nyumba isiyo na madirisha. Ndiyo maana mafundi makini huanzia kwenye kifuniko cha sanduku la hewa na kichujio, kisha huja kwenye mafuta. Petroli na hewa huungua sawasawa zikiwa kwa uwiano wa takribani 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito. Nguvu nzuri hupatikana petroli ikiwa nyingi zaidi kidogo, karibu na 13 kwa 1. Mashine za kiwandani, kwa ajili ya sheria za moshi, mara nyingi huwekwa upande wa petroli kidogo. Ongeza hewa bila kuongeza petroli, na injini inapata joto, inatoa milio ya risasi ukiachia mafuta, na mwenyewe anaifurahia milio hiyo kana kwamba ni pongezi.

Kwenye Honda TRX400EX, iliyoingia sokoni kwa modeli ya 1999 na inayopumua kwa kabureta, dawa ni jeti kubwa zaidi ya bei ya chai na mkate, pamoja na jioni moja ya kujaribu na kuitazama rangi ya plagi. Kwenye Raptor inahitajika programu mpya au kifaa kama Power Commander cha Dynojet, na hicho ni gharama nyingine ambayo muuzaji wa ekzosi huitaja mteja akishalipa. Anayehesabu bajeti yake ahesabu vyote kwa pamoja. Sailensa ya nyuma huanzia dola mia tatu na kitu. Seti nzima ya titani huvuka elfu moja.

Kuhusu titani, sifa yake ya kweli ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, wakati chuma cha pua kina karibu 8. Kilo kadhaa zikitoka nyuma na juu ya kwadi, mpanda wa mbio atazihisi akiruka. Mpanda wa kawaida, mwenye kilo kumi za ziada kiunoni, angeweza kuzipata bure. (Rangi ya zambarau inayojitokeza titani ikipata moto ni nzuri kweli, hilo halina ubishi.) Aluminiamu ni nyepesi zaidi, lakini haivumilii joto la karibu na injini, na inabonyea kwenye kila anguko.

Na kuna jambo dogo ambalo matangazo hayaligusi. Ndani ya sailensa nyingi za kununua kuna bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya glasi. Pamba hiyo inaungua. Mashine iliyopita mtihani wa desibeli mwezi wa kwanza inaweza kuushindwa mwaka unaofuata, bila mwenyewe kubadilisha chochote, kwa sababu hakuifungua sailensa na kuijaza upya. Ekzosi ya kiwandani, nzito na isiyo na sura, mara nyingi hupanga vyumba vya chuma badala ya pamba, na inadumu.

Sasa turudi kwenye kelele. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kutoka 96 hadi 99 si nyongeza ya tatu tu. Nishati ya sauti imekuwa maradufu. Michigan wameweka kikomo cha 94 kwa kipimo hichohicho cha nusu mita. Kwenye matuta ya Oregon, katika eneo la serikali lililo kando ya Pasifiki, ni 93. Mashine yenye 100 inaingia Glamis kwa bahati ya kutokutana na askari, na haina pa kwenda kwingine.

Masikio nayo yana hesabu yake. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane, na kila zinapoongezeka tatu, muda ukatwe nusu. Kwenye 100 inabaki robo saa. Ni kweli sikio la mpanda haliko nusu mita kutoka kwenye mdomo wa bomba, na kofia inasaidia kidogo. Lakini rafiki anayemfuata nyuma yuko wapi?

Halafu kuna moto. Misitu ya serikali ya Marekani inadai kizuia cheche kilichothibitishwa na idara ya misitu, yaani wavu au chumba cha kuzungusha moshi kinachonasa angalau asilimia 80 ya vipande vya kaboni vinavyozidi milimita 0.58. Vipande vya namna hiyo hutoka vikiwaka na kutua kwenye majani makavu. Anayedhani ni urasimu aukumbuke moto wa Carr, kaskazini mwa California, Julai 2018: tairi la trela lilipasuka, rimu ikakwaruza lami, cheche zikaruka, na eka zaidi ya 229,000 zikaungua. Hiyo haikuwa kwadi. Ilikuwa trela, chombo kilekile kinachozibeba kwadi kwenda msituni. Pamoja na hayo, jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hufanya wakifungua boksi la sailensa mpya ni kuuchomoa wavu huo, kwa kuwa mtu fulani amewaambia unakula nguvu. Wavu safi haunyimi nguvu ya kuhisiwa na kidole gumba. Wavu uliozibwa na masizi ndio unaonyima, na dawa yake ni brashi ya waya.

Mashine hizi zenyewe zinapungua. Suzuki iliacha LT-R450, Honda ikaacha TRX450R baada ya 2014, na mashine za kukaa watu wawili ubavu kwa ubavu, zenye usukani na mikanda, zikachukua wateja. Mbio za Dakar zilipohamia Saudi Arabia mwaka 2020, Ignacio Casale wa Chile alishinda daraja la kwadi akiwa juu ya Raptor. Kuanzia 2025 daraja hilo halipo tena. Wapanda kwadi ni jamii ndogo inayozeeka na mashine zake, na inategemea ardhi ya umma inayogombewa na waendesha baiskeli, wawindaji, wafugaji na wenye nyumba za likizo. Wote hao hawaijui kwadi kwa umbo. Wanaijua kwa sauti, asubuhi ya Jumapili, kutoka ng'ambo ya bonde. Mtu mmoja mwenye bomba wazi husikiwa na watu mia, na hao mia ndio wanaohudhuria kikao cha kuamua njia ifungwe au ibaki wazi.

Basi achague nini? Wa mbio za motokrosi achukue seti nzima, shingo na sailensa, iliyopimwa kwenye injini yake pamoja na programu ya mafuta. Yeye analipwa kwa sekunde, na YFZ450R yake inaishi kwenye mizunguko ya juu. Wa matuta, ambako mchanga unameza nguvu na kidole hakiachii mafuta, ana sababu ya kutaka nguvu za juu, mradi abaki chini ya 96. Wa njia za msituni, ambaye ndiye mnunuzi wa kawaida, abaki na ekzosi ya kiwandani. Ikiwa imepasuka au kuoza, atafute sailensa ya nyuma iliyo tulivu, yenye kizuia cheche kisichochomoka ovyo.

Fedha iliyobaki ina kazi. Raptor 700 hutoka kiwandani na sproketi ya mbele yenye meno 14. Ikifungwa ya meno 13, mvuto kwenye magurudumu ya nyuma huongezeka kwa karibu asilimia 8 kwenye kila gia, na kasi ya mwisho hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hakuna sailensa ya nyuma inayoahidi hivyo na kutimiza. Kila fundi wa bodaboda anaijua hesabu hii, na hajawahi kuhitaji titani ili kuifundisha.

Anayekwenda dukani na aulize mambo matatu: ni desibeli ngapi kwa kipimo cha nusu mita, chapa ya kizuia cheche imegongwa wapi kwenye chuma, na daino inaonyesha nini kati ya mizunguko 4,000 na 7,000, si kileleni pekee. Muuzaji akishindwa hata na la kwanza, sproketi ya meno 13 iko kwenye rafu ya pili, na bei yake haifiki thumuni ya ekzosi.